Friji haipoozi? Anzia sakafuni, gesi iwe ya mwisho

Friji ikianza kulegea, maneno ya kwanza kusikika nyumbani ni "gesi imeisha". Gesi ya friji haitumiki ikaisha kama ile ya mtungi wa jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama hakuna palipotoboka, ile iliyowekwa kiwandani inatosha hadi friji izeeke. Kabla ya kufika kwenye gesi kuna sakafu, hewa, mlango, umeme na barafu, na hivyo vyote mwenye friji anaweza kuvikagua mwenyewe. Tutakwenda kwa mpangilio huohuo, kuanzia chini, kwa sababu tatizo la chini mara nyingi hujifanya tatizo la juu.

Andaa pima maji ya sentimita 30 hivi, yaani kile kifaa chenye kiputo kinachoonyesha kama kitu kimekaa sawa (programu ya simu inayofanya kazi hiyo inasaidia ukikosa), spana malaya, bisibisi ya nyota na ya bapa, tochi, brashi laini, kipimajoto cha friji, na mita ya umeme kama unajua kuitumia. Weka karibu pia vipande viwili vitatu vya marumaru au mpira mgumu.

Mahali pa kuiweka

Kazi ya friji ni kuhamisha joto kutoka ndani kwenda nje. Joto hilo likikosa pa kwenda, kompresa (mashine inayosukuma gesi ndani ya mabomba) inafanya kazi muda wote bila matunda. Kama kijitabu cha friji yako hakisemi vingine, acha sentimita 10 nyuma, 5 kila upande, na 30 juu. Isiwe inapigwa na jua la dirishani wala kubanana na jiko. Kitambaa cha kudarizi kinachoning'inia juu hadi nyuma kinapendeza, lakini kinaziba hewa. Kikate kiishie juu.

Tazama pia kibandiko cha maelezo, ambacho huwa ndani ya friji pembeni au nyuma. Kuna herufi zinazoonyesha hali ya hewa ambayo friji imetengenezewa: N ni hadi nyuzi 32 za Selisiasi, ST hadi 38, T hadi 43. Kwa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, chumba cha jiko chenye paa la bati kinapita nyuzi 32 bila shida, kwa hiyo friji ya N iliyoletwa mtumba kutoka nchi za baridi itahangaika mchana hata kama ni nzima kabisa. Tafuta T, au angalau ST.

Friji iliyosafirishwa ikiwa wima, iache ikae saa 2 hadi 4 kabla ya kuiwasha. Iliyolazwa kwenye pikapu ipewe saa 24. Ikilala, oili ya kompresa inaingia kwenye mabomba, na ukiwasha kabla haijarudi kompresa inazunguka bila kulainishwa.

Kusawazisha, hatua kwa hatua

Unatafuta mambo mawili. Kushoto na kulia pawe sawa kabisa. Mbele pawe juu kidogo kuliko nyuma, takribani milimita 6, ili mlango urudi wenyewe kwa uzito wake na maji ya barafu iliyoyeyuka yaelekee kwenye tundu lake ukutani nyuma. Friji iliyoinamia mbele huacha mlango wazi upana wa kidole bila mtu kugundua, na hewa yenye unyevu inaingia usiku kucha. Asubuhi unakuta barafu imejaa friza na maziwa yamechacha chini yake.

1. Chomoa plagi. Toa chupa na vyombo vizito, hasa vya mlangoni. Kama kuna kava la plastiki chini mbele, livute au lifungue skrubu zake ili miguu ionekane.

2. Anza na nyuma. Friji nyingi zina miguu ya kurekebisha mbele tu, na nyuma kuna magurudumu madogo au vitako visivyorekebika. Weka pima maji juu ya friji, karibu na ukingo wa nyuma, kutoka kushoto kwenda kulia. Upande mmoja ukiwa chini, sakafu ndiyo yenye kosa. Weka kipande cha marumaru au mpira mgumu chini ya kitako cha upande huo. Usitumie boksi lililokunjwa wala kipande cha mbao laini: boksi linanywa maji na kubonyea, mbao inavimba.

3. Hamia mbele. Mtu wa pili aegemeze friji nyuma kidogo tu ili miguu ya mbele isibebe uzito. Hapo mguu utazunguka kwa mkono. Ukiwa mgumu tumia spana. Zungusha nusu mzunguko kwanza uone unapanda au unashuka, kwa sababu watu wengi hukosea uelekeo wakiwa wameinama. Kwenye miguu mingi mzunguko mmoja kamili ni kama milimita moja na nusu, kwa hiyo milimita 6 ni mizunguko minne.

4. Pima kushoto na kulia tena, safari hii karibu na ukingo wa mbele.

5. Sasa geuza pima maji ielekee mbele na nyuma. Chukua kitu chenye unene wa milimita 3 na ukiweke chini ya ncha ya nyuma ya pima maji hiyo ya sentimita 30. Kiputo kikikaa katikati, mwinamo wako ni takribani milimita 6 kwa kina cha sentimita 60, yaani umepatia.

6. Jaribu kuyumba. Shika pembe ya juu ya mbele kulia, isukume kuelekea nyuma kushoto, kisha ufanye hivyo kwa pembe nyingine. Ikicheza, pitisha karatasi chini ya miguu ya mbele. Mguu ambao karatasi inapita chini yake unaning'inia. Ushushe hadi ushike sakafu.

7. Fungua mlango nusu, kama nyuzi 45, uuachie. Unatakiwa urudi polepole na kujifunga wenyewe. Ukibaki pale pale, pandisha miguu yote miwili ya mbele nusu mzunguko. Ukijibamiza kwa nguvu, umezidisha.

8. Kama mguu una nati ya kufungia, ikaze. Rudisha vitu, pima tena friji ikiwa imejaa, na urudie baada ya wiki moja, kwa sababu vipande vya chini hukaa vizuri baada ya kubeba mzigo.

Kwa friji za milango miwili iliyo kando kwa kando, milango ikipishana kimo, pandisha mguu wa mbele wa upande ambao mlango wake uko chini. Friza za kulala, zile za kufungulia juu, hazihitaji mwinamo wowote; zikae sawa pande zote.

Stendi za plastiki au chuma ni nzuri kwa nyumba ambazo maji huingia wakati wa masika, lakini isawazishe stendi yenyewe kwanza, na kama ina magurudumu, yafunge yote. Stendi inayobonyea katikati itafuta kazi yote uliyofanya kwenye miguu.

Friji za mafuta ya taa na za mtungi wa gesi, ambazo bado zipo sehemu zisizo na umeme, zina sheria kali zaidi. Hazina kompresa wala pampu ya injini. Amonia na maji ndani yake vinarudi chini kwa mteremko wa mabomba tu. Zikiinama, mzunguko unaweza kukwama na friji ikashindwa kupooza. Hizo zisawazishwe pande zote nne bila mwinamo.

Kelele baada ya kusawazisha

Friji ikiwa inatetemeka, weka kiganja sehemu moja moja wakati kompresa inafanya kazi: ukuta wa pembeni, trei ya maji juu ya kompresa, bomba jembamba la shaba nyuma, chupa zinazogusana kwenye rafu. Pale unapogusa na kelele ikakoma ndipo penye shida. Bomba linalogusa chuma lisukume taratibu milimita chache. Ukilipinda ghafla linakatika.

Mlango na mpira wake

Mpira wa mlango una sumaku ndani. Funga noti mlangoni, ivute. Ikigoma kidogo mpira unashika, ikichomoka bila kugoma hapo pana mwanya. Rudia kila baada ya sentimita 15 kuzunguka mlango mzima. Jaribio la usiku ni zuri zaidi: zima taa, weka tochi inayowaka ndani ikielekea mlangoni, funga, tazama mwanga unapotokea.

Kabla ya kununua mpira mpya, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, hasa mikunjo ya chini ambako juisi na soda hukauka. Uliopinda uukande kwa kitambaa chenye maji ya moto au kwa draya ya nywele kwa umbali, halafu ufunge mlango saa kadhaa urudie umbo. Ukichanika au ukikakamaa, nunua mpya wa modeli ileile. Beba namba ya modeli dukani, usibebe makadirio.

Mwanya ukiwa pembe ya juu upande wa kushikia, mara nyingi mlango umelala. Legeza boliti za bawaba ya juu kidogo tu, inua mlango mpaka ulingane na mwili wa friji, mtu mwingine akaze.

Pima joto, usikisie

Namba za kwenye swichi ya joto si nyuzi. Kwenye friji nyingi namba kubwa ni baridi zaidi, na kuweka 7 kwa sababu kuna joto nje hakuharakishi kupooza. Kompresa haipumziki na barafu inaongezeka. Weka katikati. Tumbukiza kipimajoto kwenye glasi ya maji, ikae rafu ya kati usiku mzima. Lengo ni nyuzi 4 au chini kidogo bila kugandisha. Friza iwe -18. Kipimajoto kikae katikati ya pakiti zilizoganda. Ukibadilisha namba, subiri saa 24 kabla ya kubadilisha tena.

Umeme ukikatika usifungue. Chakula cha friji kinabaki salama kwa kama saa 4, friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Nyama, samaki na maziwa vilivyokaa juu ya nyuzi 5 kwa zaidi ya saa 2 usivionje kujaribu, vitupe.

Umeme

Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230, Kenya 240. Friji nyingi huvumilia kupungua hadi kama asilimia 10, yaani karibu volti 207 kwa Tanzania. Pima kwenye soketi wakati kompresa inajaribu kuwaka, si ikiwa imepumzika. Soketi inayoonyesha 225 friji ikiwa kimya na kushuka 190 kompresa inapoanza ina waya mwembamba au muungano uliolegea mahali fulani. Ekstensheni nyembamba ndiyo mtuhumiwa wa kwanza. Plagi ikiwa ya moto au ina weusi, badilisha soketi kabla ya kugusa friji.

Umeme ukikatika na kurudi baada ya sekunde chache, kompresa hulia "tik" na kuzima. Presha ndani ya mabomba bado haijasawazika, na kianzishio chake hakijapoa. Inahitaji dakika 3 hadi 5. Kilinda friji, kile wauzaji wanachokiita friji gadi, huchelewesha umeme kwa muda huo na kuukata ukizidi au kupungua. Kwa mtaa ambao umeme unachezacheza, ni bei ndogo kuliko kompresa. Usichanganye na stabilaiza: friji gadi hukata, stabilaiza hurekebisha volti.

Ukigusa friji kwa miguu mitupu ukahisi inatekenya, chomoa mara moja. Kuna umeme unaovuja na waya wa ethi haufanyi kazi. Hilo ni la fundi umeme, siku hiyohiyo.

Dalili na pa kutazama

*Pembeni pana moto.* Kwenye friji nyingi mabomba ya kutoa joto yamefichwa ndani ya kuta za pembeni na kuzunguka fremu ya mlango ili usitoe jasho. Vuguvugu ni kawaida. Kinachopaswa kukutia shaka ni pembeni kubaki baridi kabisa wakati kompresa inanguruma.

*Friza inagandisha, chini hakupoozi.* Hii ndiyo dalili inayosingiziwa gesi kuliko zote, na kwa friji isiyoganda barafu (no-frost) gesi si mshukiwa wa kwanza. Baridi hutengenezwa nyuma ya friza na feni huisukuma chini. Fungua mlango wa friza, bonyeza kwa kidole swichi ya mlango na usikilize. Kwa modeli nyingi feni hukoma mlango ukifunguliwa, na ukibonyeza swichi inatakiwa ianze, ikiwa kompresa nayo inafanya kazi. Kimya kabisa kinaelekeza kwenye feni au swichi. Feni ikizunguka lakini hewa haiji, kuna barafu imeziba njia. Chomoa, toa chakula, acha milango wazi saa 24 na taulo chini, kisha washa. Ikipooza vizuri siku kadhaa na baadaye kurudi vilevile, mfumo wa kuyeyusha barafu umekufa: hita, sensa yake, au taimu au bodi inayouamuru. Mwambie fundi matokeo hayo. Unampunguzia nusu ya kazi.

*Barafu nene kwenye friji ya kawaida.* Iyeyushe ikifika nusu sentimita. Chomoa, weka sufuria ya maji ya moto juu ya kitambaa ndani ya friza, funga mlango, badilisha maji kila yakipoa. Kisu, bisibisi na mwiko wa chuma viache jikoni. Ukuta wa friza ni alumini nyembamba yenye gesi ndani yake. Utasikia "fsss" fupi, na hapo ndipo gesi itakuwa imeisha kweli.

*Maji chini ya droo za mboga.* Tundu dogo la ukuta wa nyuma limeziba kwa majani ya mchicha au ukungu. Pitisha mrija laini wa plastiki, kisha sukuma maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano lisilo na sindano mpaka uyasikie yakidondoka kwenye trei nyuma. Maji yakiwa sakafuni, kagua trei hiyo kama imepasuka au imechomoka.

*Inafanya kazi bila kupumzika.* Chomoa, safisha kwa brashi mabomba meusi ya nyuma kama yapo nje, kila miezi 6. Pwani hata mapema zaidi, maana vumbi lenye chumvi linashika unyevu na kutia kutu. Angalia chumba cha kompresa kwa tochi. Mende na mijusi hupenda joto la pale, na mmoja akikauka juu ya bodi au kianzishio anaweza kuleta shoti. Panya nao hutafuna waya. Friji za inveta, ambazo kompresa yake hubadilisha mwendo, ni tofauti: kwenda muda mrefu kwa mwendo mdogo ndivyo zilivyoundwa.

Kompresa inapiga "tik" na kuzima

Sehemu hii ni ya mwenye kujua mita. Chomoa plagi. Fungua kiboksi cha plastiki pembeni ya kompresa, vuta kianzishio na ovalodi (swichi inayokata umeme kompresa ikipata moto kupita kiasi). Mara nyingi kianzishio ni kiboksi kidogo cheusi. Kitikise karibu na sikio. Kikichakacha, kidonge cha ndani kimepasuka, na spea yake ni ya bei ndogo. Kisha pima pini tatu za kompresa mbili mbili. Kwa kompresa ya kawaida, kipimo kikubwa kiwe sawa na jumla ya viwili vidogo: tuseme omu 12 na 20, basi cha tatu kiwe karibu 32. Pini yoyote ikisoma kwenda kwenye chuma cha mwili, koili imegusa mwili huo na kompresa imekufa. Kwa inveta vipimo vitatu vinalingana, na usiipe umeme wa ukutani moja kwa moja kuijaribu, utaiunguza.

Sasa gesi

Vyote hivyo vikiwa sawa, kompresa inanguruma, pembeni hapapati moto, na barafu inajitokeza kipande kidogo tu mwanzoni mwa friza huku kwingine pakavu, hapo gesi imepungua. Friji inayopooza, ikaacha, ikayeyuka na kupooza tena yenyewe huenda ina unyevu unaoganda ndani ya bomba jembamba.

Fundi akija, soma naye kibandiko. R600a ni gesi inayowaka, yenye alama ya moto, na kiasi chake ni gramu chache tu, mara nyingi chini ya 100. R134a ni nyingine kabisa. Moja haijazi nafasi ya mwenzake. Kwa R600a, madirisha yawe wazi, jiko lizimwe, na asichomelee bomba kabla gesi haijatoka nje na mfumo haujasafishwa kwa naitrojeni.

Mwulize tundu liko wapi kabla hajajaza. Anayejaza bila kulitafuta atarudi baada ya wiki chache na bili ileile. Kazi iliyokamilika ina kuziba tundu, kupima kwa naitrojeni, kufunga filta mpya, kuvuta vakumu (kunyonya hewa na unyevu ndani ya mabomba) nusu saa au zaidi, na kuweka gesi kwa mizani kulingana na gramu za kwenye kibandiko. Kama tundu liko ndani ya povu la ukuta, mwulize kama bomba hilo linaweza kuachwa na lingine likapitishwa nje. Likiwa bomba la joto inawezekana mara nyingi, ingawa fremu ya mlango itatoa jasho kidogo. Likiwa ni la baridi ndani ya ukuta wa friji iliyozeeka, pata bei ya matengenezo yote kwa maandishi na uilinganishe na bei ya friji nyingine kabla hajafungua kitu.